Shofaji, Kuku na Mama Mkwe

Nyuma ya jiko letu kuna sanduku la chuma ambamo kuku hutaga. Wageni wakiliona huuliza ni kitu gani, maana mbele lina matundu ya kupitisha upepo na nyuma lina midomo miwili ya bomba. Wajukuu wangu huwahi kujibu: "Iko shofaji ya mutokari." Mgeni hucheka. Mashine ya kutia joto ndani ya gari, Kasongo hapa, ambako mbwa hutafuta kivuli kabla watu hawajamaliza kufagia ua? Ndiyo, hiyo hiyo. Na kwa kuwa wajukuu husimulia vibaya, wanaruka mambo ya maana ili wafike upesi kwenye kuku, nimeona niandike mwenyewe.

Zama zile za Wabelgiji nilikuwa shofere, yaani dereva, wa Mgiriki mmoja mwenye duka Kasongo. Nilikuwa shofere na fundi pia, kwa sababu barabara zetu hazikumkubali shofere asiyejua kulala chini ya gari. Nilikuwa kijana mwenye majivuno. Kofia ya kazi niliivaa hata ndani ya nyumba, na mke wangu alizoea kusema kwamba siku nikizikwa itabidi kofia ichimbiwe shimo lake.

Mgiriki alinunua gari kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, gari jeusi lililokuja kwa meli pamoja na kila kitu cha Ulaya. Chini ya tablo, ule ubao wa mishale mbele ya usukani, mbele ya magoti ya abiria wa kiti cha mbele, palikuwa na hilo sanduku. Ndani yake mlikuwa na radiatere ndogo na feni. Maji ya moto hutoka kwenye injini, hupita katika mpira mmoja mpaka sandukuni, kisha hurudi kwa mpira wa pili. Feni ikipuliza, joto huwafikia walioketi. Sidhani kama yule mzungu aliiwasha hata mara moja tangu alipofika kwetu. Angeiwasha ili iweje?

Gari lilikuwa la kupelekwa Kabambare, kwa mdogo wake Mgiriki aliyekuwa na duka kule. Niliposikia hivyo nilifurahi mpaka nikaona aibu, kwa sababu mke wangu alikuwa Kabambare, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imekomaa.

Kabambare ndiko kwetu. Mke wangu alikwenda kule kwa matanga ya baba yangu, na alipotaka kurudi Kasongo, sista wa misheni alimkataza. Alisema kwa njia ile, juu ya magunia ya lori, mtoto angezaliwa kwenye shimo la barabara. Basi akabaki nyumbani kwa dada yangu. Halafu akanitumia maneno kwa mdomo wa shofere wa lori la pamba: "Ambia mama akuje. Bila yeye naogopa."

Hakuwa mwoga wa bure. Dada yake mkubwa alifia uzazini, mbali na mama yao, na mama yao, aliyekaa huku Kasongo, alikuwa mkunga. Mikono iliyopokea watoto wa kijiji kizima haikumfikia binti yake mwenyewe. Tangu siku hiyo mama yule aliapa kwamba binti aliyebaki hatazaa bila yeye. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja, kumfikisha mama mkwe Kabambare kabla mtoto hajafika. Gari nilikuwa nalo, na Mgiriki alikubali. Shida ilikuwa kwamba mimi na mama mkwe hatukuwa tunaonana.

Vijana wa leo wakisikia hivyo wanadhani tuligombana. La. Kwetu mtu na mama wa mke wake hawatazamani usoni, wala hawasemezani. Ni haya, na haya ni heshima. Nikimwona njiani niliingia porini, hata pori liwe la upupu, na nimewahi kujikuna siku nzima kwa ajili ya heshima hiyo. Yeye naye akisikia kikohozi changu alijifunika kitambaa usoni na kugeukia miti. Haya hiyo hulegea mtoto wa kwanza akizaliwa. Siku hiyo bibi mwenyewe humtia mtoto mikononi mwa baba yake, na tangu hapo mnaweza kusalimiana kama watu wengine. Wanaoita jambo hili ujinga waje kwangu tubishane. Nina muda.

Sasa watie watu wa namna hiyo ndani ya gari moja, kutoka Kasongo mpaka Kabambare! Nilifikiri sana. Nikanunua kitenge kipana, nikakitundika katikati ya gari kama pazia, mbele mimi, nyuma yeye. Nilipoketi kujaribu, nikaona kioo kidogo cha juu, kile cha kutazama nyuma, kinachungulia juu ya pazia moja kwa moja kwenye kiti chake. Nikakigeuza kikatazama paa. Sikuwa nikiona nyuma, lakini barabara ile nyuma hapakuwa na mtu wa kunifukuza.

Palihitajika pia mdomo, yaani mtu wa kati wa kupeleka maneno huku na huku. Tukampata shangazi wa mke wangu, mama wa kutoka mji wa Nyangwe, mchuuzi wa samaki wakavu, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka ng'ambo. Alikuja na kapu lake la samaki. Mama mkwe alikuja na tenga la kuku mmoja mwekundu, wa kumpikia mzazi supu. Kiti cha mbele, pembeni yangu, nilipakia magunia ya mchele ya Mgiriki kutoka sakafuni mpaka dirishani. Tukaondoka alfajiri.

Ulikuwa mwezi wa kiangazi, wakati asubuhi zina ukungu na baridi ya kuuma masikio. Hatujafika mbali, nikasikia nyuma ya pazia mama mkwe akimwambia shangazi:

"Hii baridi inaingia mpaka mu mifupa."

Shangazi akapaza sauti, ingawa nilikuwa karibu kiasi cha kupigwa kofi: "Shofere! Mukwe wako anasema iko na baridi!"

Jamani, moyo wangu ulivyofurahi! Mama mkwe ana baridi, na mimi, mkwe wake, mtu wa mikono ya mafuta ambaye walisita kumpa binti, nina mashine ya joto. Nikapenyeza mkono nyuma ya magunia, nikafungua koki ya maji, nikawasha feni. Kwanza ilipuliza vumbi la Ulaya na la Kasongo pamoja, halafu mabawa ya mende, halafu udongo wa kiota cha nyigu. Kisha likaja joto zuri, laini.

"Ambia yeye asanti," mama mkwe akasema.

"Anasema asanti!" shangazi akapiga kelele.

Niliendesha nikiwa nimekaa wima kama mzungu wa serikali.

Lakini joto halichagui. Lilipompata mama mkwe mifupani, liliwapata samaki pia. Kufikia Lusangi gari zima lilinuka kama soko la Nyangwe saa ya kufunga, na shangazi, aliyezaliwa na kuzeeka ndani ya harufu hiyo, ndiye aliyeshindwa. Aliniamuru nisimame. Alitapika, akanawa uso, akashusha kapu lake.

"Mimi nabaki hapa kwa ndugu," alisema. "Kabambare nitafika kwa miguu. Miguu haijanitapisha hata siku moja."

Nilimsihi, bure. Nikazima feni. Koki ya maji ilikataa kufunga, imekwama kwa uzee, nikaiacha, nikidhani bila feni haina neno. Tukaendelea, mimi mbele, mama mkwe nyuma, na kati yetu hakuna mdomo.

Baada ya Lusangi njia ilianza kupanda. Nikasikia mama mkwe anaongea kwa sauti ya chini: "Kuku, weye iko na bahati, tenga yako iko juu. Chini huku kuna maji." Nikatabasamu. Nikafikiri, mama wa watu amekosa wa kuongea naye, sasa anaongea na kuku. Baadaye kidogo: "Kuku, maji yenyewe ni ya moto." Nikaendelea kutabasamu. Nilidhani wana mambo yao. Kumbe alikuwa ananiambia mimi. Ile radiatere ndogo ilikuwa imeoza kwa kukaa miaka bila kazi. Ilipasuka, na maji ya injini yakawa yanamwagika nyuma ya magunia nisikoona, yanateleza chini ya viti mpaka kwenye miguu yake. Angeweza kupiga kelele. Lakini mtu hamwambii mkwe wake kwamba nyumba yake inavuja. Ni kumwaibisha. Hunyanyua miguu, akamwambia kuku.

Ndivyo tulivyoendelea kwa heshima kubwa, mama mkwe miguu juu ya kiti, mimi natabasamu, injini inakufa kiu. Mshale wa joto ulipofika mwisho, na kioo cha mbele kikajaa mvuke, ndipo nilipoelewa mazungumzo yote ya kuku kwa mpigo mmoja. Nikasimamisha gari pembeni mwa njia.

Nilitoka kwa mlango wa kushoto huku nikitazama mbingu. Yeye alitoka kwa mlango wa kulia amejifunika. Nilipokwenda mbele kufungua kapo, kile kifuniko cha injini, yeye alikwenda nyuma. Nilipokwenda nyuma kutafuta kle za kufungulia nati, yeye alizunguka mbele. Kama kungekuwa na mtu mlimani angedhani tunacheza ngoma. Njia yenyewe ilikuwa kimya. Hapakuwa na lori, wala baiskeli, wala watengeneza barabara ambao siku nyingine wanakuwa kila kona.

Niliposhusha magunia nikaona hali. Injini ingepona kama ningepata kuizuia isimwage maji, na dawa ilikuwa rahisi kuisema: toa sanduku, chukua mpira mmoja, rudisha maji kwenye injini bila kupitia sandukuni. Lakini mipira hiyo ilipenya ukuta wa chuma unaotenga injini na watu, na vibanio vyake vilikuwa nyuma kabisa ya sanduku, mahali ambapo mkono haufiki mpaka sanduku lishuke. Na sanduku lilishikwa na nati zilizo upande wa injini. Ukizifungua ukiwa kwenye injini, sanduku linaanguka ndani ya gari, linachana mipira, na mipira mingine iko Kasongo. Ukikaa ndani kulishika, nani atafungua nati? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nilijaribu peke yangu. Niliweka magunia mawili chini ya sanduku kulizuia, lakini yalibonyea, sanduku likainama na mpira mmoja ukalia kama kitu kinachotaka kukatika. Nikaacha. Nilikaa juu ya jiwe mbele ya gari na kwa mara ya kwanza nikaogopa. Nilimwona mawazoni mke wangu, amelala kwa dada yangu, anasikiliza kila gari. Nilijitukana, nikaitukana shofaji, nikamtukana na aliyeitengeneza, popote alipo na koti lake.

Mama mkwe alikuwa amekwenda kwenye kijito kilichokuwa chini ya njia, amerudi na kibuyu chake cha maji. Alikiweka mahali nitakapokiona. Kisha akalibeba tenga la kuku, akaliweka chini kando ya gurudumu la mbele, katikati ya mlango na injini. Yeye mwenyewe akaingia ndani ya gari. Kapo ilikuwa imeinuliwa, kwa hiyo sikumwona, wala yeye hakuniona.

"Kuku," alisema kwa sauti iliyofika, "ulizia ule bwana, hii kazi inaomba mikono ngapi?"

Nilimtazama kuku. Kuku alinitazama kwa jicho moja.

"Kuku," nikasema, "ambia mama, inaomba mikono ine. Mbili huku, mbili kule ndani."

"Kuku, ambia ule bwana, mikono mbili ya huku iko. Isipokuwa haijui gari."

"Kuku, ambia mama, haiombi kujua gari. Inaomba kushika ile sanduku kwa chini, isianguke, ishuke pole pole. Ila iko moto."

Kisha nikasikia kitenge kinachomolewa kwenye kamba yake. Lile pazia langu lote! Kama nilivyojua baadaye, alilikunja mara nyingi, akaliweka kiganjani, akapiga magoti mbele ya kiti cha mbele.

"Kuku," alisema, "ambia ule bwana, kushika kitu chenye kushuka pole pole, hiyo kazi naijua."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ni nani niliyekuwa namkimbia kwenye upupu. Kati yetu palikuwa na ukuta wa chuma, mzuri kuliko pazia lolote, na kila mmoja alikuwa na upande wake. Hakuna mzee wa mila ambaye angepata la kutulaumu. Nikaweka kle kwenye nati ya kwanza. Ilikuwa na kutu, ikakataa. Nikaisukuma kwa hasira.

"Kuku, ambia ule bwana asikasirike. Ya kwanza inachelewaka."

Nikaimwagia mafuta, nikangoja, nikajaribu tena. Ikakubali. Ya pili ikafuata. Kila nilipovuta nguvu nikiguna, yeye alikuwa ndani anasema "njoo, njoo, pole pole," sijui kama alisema na nati, na sanduku, au na mimi. Nati ya tatu ilinichuna ngozi ya kidole, nikanyonya damu, nikacheka. Nilianza kufurahi. Sijui niseme vipi, nilikuwa nimekwama porini, na mke wangu ananingoja, na bado nilikuwa nafanya kazi na mtu ambaye mikono yake sikuiona lakini niliisikia kwenye chuma. Nilipolegeza, alibeba. Nilipokaza, alitulia. Nimefanya kazi na mafundi waliosoma shule ya ufundi, na wachache walikuwa na mikono yenye masikio kama ile.

Nati ya mwisho ilikuwa imefichwa nyuma ya betri. Nililala juu ya injini, uso wangu umegusa ukuta ule wa chuma, kle inashika kwa ncha tu. Nikasikia pumzi yake upande wa pili. Nati ikaanza kuzunguka. Nikahisi uzito wote wa sanduku unataka kwenda, na nikasahau kuku, nikasahau mila, nikasahau jina langu.

"Mama, umeshika?"

"Nimeshika."

"Mikono mbili?"

"Mbili. Achilia."

Nikaachilia. Sanduku halikuanguka. Lilishuka polepole mpaka magotini pake, likamwaga maji yake ya mwisho juu ya kitenge, na mipira yote miwili ilibaki mizima.

Tulikuwa tumesemezana! Mimi nilibaki nimelala juu ya injini, mashavu yanawaka, na siyo kwa sababu ya injini. Mwisho nikamsikia anasema kwa ukali:

"Huyu kuku anasemaka sana leo."

Nilicheka mpaka kichwa kikagonga kapo. Naye akacheka, nyuma ya chuma, kicheko cha kujificha, cha mtu aliyefunika mdomo. Iko methali isemayo mficha uchi hazai. Tulificha kuvuja kwa gari mpaka likakaribia kutuua kwa adabu, na neno moja la wazi ndilo lililotuokoa. Lakini hilo nililifikiri baadaye. Wakati ule nilifikiri mipira tu.

Iliyobaki ilikuwa kazi ndogo. Nilizunguka kwa mlango wa pili naye akiwa amekwenda kijitoni tena, nikafungua vibanio, nikavuta mpira mrefu upande wa injini, nikaukunja, nikaunganisha tundu la maji kutoka na tundu la maji kurudi. Nikajaza maji ya kibuyu chake, safari baada ya safari. Nikawasha. Nikaangalia maungio mpaka injini ikapata moto, na hakuna tone lililodondoka. Mama mkwe alikuwa amesimama ng'ambo ya njia, amegeukia miti, anamweleza kuku kwamba wanaume wanapenda sana kuangalia kitu kilichokwisha pona.

Pazia lilikuwa limelowa maji ya kutu na mafuta. Hakuna aliyezungumzia kulitundika tena. Alikaa nyuma na kitambaa kichwani, sanduku la shofaji pembeni yake na kuku juu ya sanduku, mimi nikakaza macho mbele, na kioo kikaendelea kutazama paa. Sasa alipoona jambo alilisema bila kuchelewa: kuku, huyo bwana aone shimo, kuku, huyo bwana aone mbuzi. Nilijibu kila mara, "Kuku, ambia mama nimeona." Tulifika Kabambare jua bado lipo, na koo la kuku, nadhani, limekauka.

Uani kwa dada yangu wanawake walikuwa wamesimama. Dada yangu alikuja mbio mikono kichwani, nikadhani tumechelewa. Lakini alikuwa anapiga kelele za mtu aliyechoka kungoja: uchungu ulianza asubuhi, mtoto yuko njiani, na mzazi anakataa kila mkono, anasema anamtaka mama yake. Sikusimamisha gari vizuri. Mama mkwe alishuka likiwa bado linatembea, akapita mbele yangu bila kujifunika, bila kuku, akaingia ndani. Nikasikia mke wangu akilia neno moja, mama, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikajua nimefika.

Nilipaswa kupeleka gari kwa Mgiriki mdogo. Nilikwenda upesi, nikampa funguo na mchele, nikamweleza habari ya shofaji. Alicheka mpaka akashika kaunta. Alisema apate wapi mjinga mwingine wa kuitaka mashine ya joto Kabambare, nichukue mwenyewe. Nikatoa feni ili uzito upungue, nikalibeba sanduku begani na tenga la kuku mkononi, nikarudi.

Uani nilinawa. Nilisugua mikono kwa mchanga na majivu, nikasugua tena, maana nilijua kinachokuja. Kuku, niliyemfungulia tenga, alikuwa amejipa sanduku kama makao, amekaa ndani. Dada yangu alikuja na kisu kwa ajili ya supu, nikamzuia. Nilimwambia mkalimani haliwi. Akadhani nimeshikwa na homa ya njia, akaenda kutafuta kuku mwingine kwa jirani.

Kisha ndani pakanyamaza. Nilisimama. Kimya kile kilinitisha kuliko kelele zote za mwanzo, na nilishika nguzo ya kibaraza nikaomba kwa Kiswahili na kwa Kibangubangu, lugha ya kwetu. Halafu akalia. Mtoto akalia, kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa bila sababu, na nyuma yake nikasikia kicheko cha mke wangu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nililia, sina haja ya kulificha.

Mlango ule ulikuwa na pazia. Nilisogea mpaka mbele yake nikasimama, kama mila ilivyotaka, macho chini. Baada ya muda mikono miwili ikatoka pembeni mwa pazia, imebeba kitu kidogo kilichofungwa kanga. Kwenye kidole gumba palikuwa na alama nyekundu ya kuungua, ya sanduku langu. Hakumwita kuku.

"Umeshika?"

"Nimeshika, mama."

"Mikono mbili?"

"Mbili."

"Basi naachilia."

Akaachilia. Alikuwa msichana, mzito kuliko nilivyotegemea, na wa moto. Mama mkwe akasukuma pazia kwa kiwiko, akatoka mpaka kizingitini, akanitazama kwa mara ya kwanza, kuanzia viatu mpaka juu, bila haraka.

"Kumbe uko kijana vile," alisema. "Toa kofia, mutoto akuone."

Mikono yangu ilikuwa imejaa. Akaivua mwenyewe.